Moshi Hauna Wizara

Mwezi wa Julai 2021 mama yangu aliisukuma meko chini ya kitanda na kutoa jiko la makaa kwenye kona ya bafu, mahali lilikuwa limelala kwa miaka mitatu. Akalipangusa vumbi, akaliweka kwenye korido ya ploti yetu Kayole, akawasha. Hakusema lolote kuhusu tabianchi. Alisema tu, "Wameipandisha gesi. Turudi pale tulikuwa."

Nilikuwa nimesimama mlangoni na begi mgongoni. Wiki hiyo ndiyo niliyoacha chuo, mwaka wa tatu, kwa sababu ya karo. Nilikuwa nasomea mazingira. Ndani ya begi kulikuwa na madaftari matatu yaliyojaa noti za sera za tabianchi: mikataba, malengo, tani, asilimia. Jioni hiyo, huku mama akikohoa juu ya chapati za kuuza, nilifungua daftari moja nikitafuta kitu cha kueleza nilichokuwa nakiona. Hakukuwa na mstari hata mmoja kuhusu bei ya gesi.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikisoma historia ya moshi wa jikoni Kenya. Si historia ya siri, lakini imetawanyika. Kipande kimoja kiko kwa watu wa misitu, kingine kwa madaktari, kingine kwa wanasayansi wa hewa, na kile chenye nguvu kuliko vyote kiko Hazina ya Kitaifa. Ukiviweka pamoja unaona kwamba moshi umeshughulikiwa mara nyingi, ila karibu kila mara aliyeushughulikia alikuwa anatafuta kitu kingine.

Nianze na shosho. Jikoni kwake, Murang'a, kulikuwa na mawe matatu na kuni. Masizi yalining'inia kwenye mabati kama utando wa buibui, na ukuta wa upande wa moto ulikuwa mweusi unaong'aa. Wanasayansi huyaita masizi hayo kaboni nyeusi. Ni chembe ndogo sana zinazobaki moto ukikosa hewa ya kutosha kuunguza kila kitu. Zikiingia kwenye mapafu zinaleta ugonjwa. Zikipanda angani zinanyonya joto la jua, kama vile shati jeusi linavyokuchoma saa saba mchana.

Mwaka wa 1981 Umoja wa Mataifa ulifanya mkutano mkubwa Nairobi kuhusu nishati mpya na nishati jadidifu. Wasiwasi wa wakati huo ulikuwa miti. Mafuta yalikuwa yamepanda bei miaka ya sabini, na wataalamu wakaona kwamba kwa mtu maskini shida ya nishati ni kuni kuisha. Wangari Maathai alikuwa ameshaanzisha Green Belt Movement mwaka wa 1977. Hapo ndipo jiko tunalolijua wote lilipozaliwa: bati kwa nje, udongo wa kuchomwa kwa ndani, kiuno chembamba. Wazo la msingi lilitoka Thailand. Watu kama Maxwell Kinyanjui na shirika la KENGO wakalileta kwa mafundi wa jua kali. Matoleo ya kwanza yalipasuka udongo, wapishi wakalalamika, mafundi wakarekebisha. Hakuna aliyelazimishwa kulinunua. Lilipunguza makaa kwa theluthi moja au hata nusu, na hiyo ilitosha kulifikisha kila soko.

Hilo ndilo jiko la mama. Naliheshimu. Lakini lilitengenezwa kuokoa miti na pesa za makaa, si kuondoa moshi. Na makaa yana ujanja wake. Yanaonekana masafi jikoni kwa sababu moshi wake mwingi umeachwa kule yalikochomwa, kwenye tanuri la udongo porini, pamoja na gesi ya methani. Sisi mjini tunanunua gunia ambalo limeshakoholewa na mtu mwingine.

Kipande cha pili kililetwa na watu wa afya. Mwaka wa 2001 jarida la kitabibu la Lancet lilichapisha utafiti wa Majid Ezzati na Daniel Kammen uliofanywa Laikipia, kwenye nyumba 55. Walipima moshi ambao kila mtu alivuta, wakafuatilia nani aliugua. Jibu lilikuwa wazi: kadiri mtu alivyovuta moshi mwingi, ndivyo maambukizi ya njia ya hewa yalivyoongezeka, na waliovuta mwingi zaidi ni wanawake na watoto wao wadogo. Shosho angewaambia hayo bila mashine, lakini sasa yalikuwa na namba.

Kipande cha tatu kilitoka hapa hapa Nairobi. Mwaka wa 2011 UNEP, ambayo makao yake makuu yako Gigiri, ilitoa ripoti pamoja na Shirika la Hali ya Hewa Duniani. Ripoti ilisema kuna hatua 16 tu ambazo dunia ikizichukua, ongezeko la joto litapungua kwa takriban nusu digrii kufikia mwaka wa 2050, na vifo milioni 2.4 vya mapema vitaepukwa kila mwaka. Kati ya hatua hizo kulikuwa na majiko safi, kuzuia methani kwenye majaa ya taka na kupunguza moshi wa dizeli.

Kwa nini haraka hivyo? Hapa ndipo kuna jambo ambalo mwalimu wangu wa chuo alilipitia kwa dakika tano. Vichafuzi havikai hewani muda sawa. Sehemu kubwa ya kaboni dioksidi inakaa kwa karne na karne. Methani inakaa miaka kama 12. Masizi yanakaa siku chache, mengi yakiisha ndani ya wiki mbili. Kaboni dioksidi ni kama mkopo wa benki ambao wajukuu wako wataurithi. Masizi na methani ni kama Fuliza: deni la muda mfupi, lakini makato yake yanauma sana. Ndani ya miaka 20, tani moja ya methani huongeza joto zaidi ya mara 80 ya tani moja ya kaboni dioksidi. Ukiacha kukopa Fuliza leo, nafuu unaiona mwezi huu. Lakini ule mkopo wa benki bado uko, na mmoja haulipi mwingine. Lazima ushughulikie yote mawili.

Mwaka uliofuata, Februari 2012, nchi sita zikiwemo Ghana, Bangladesh na Mexico ziliungana na UNEP kuanzisha muungano wa kupambana na vichafuzi hivi vya muda mfupi. Mexico ikaenda mbali zaidi. Machi 2015, ikipeleka ahadi yake ya kabla ya mkutano wa Paris, iliandika lengo la masizi peke yake: kuyapunguza kwa asilimia 51 kufikia 2030, kando ya lengo la gesi. Masizi yakapata mstari wao kwenye sera ya taifa, na kitu chenye mstari wake kinaweza kuulizwa: umefika wapi?

Kenya tulifanya vingine. Ahadi yetu ya Desemba 2020 inasema tutapunguza gesi joto kwa asilimia 32 kufikia 2030, tukilinganisha na tani milioni 143 ambazo tungetoa bila kufanya lolote. Hesabu yote iko kwa vipimo vya kaboni dioksidi. Methani inaingia humo ikiwa imebadilishwa kuwa "sawa na kaboni". Masizi si gesi, kwa hivyo hayamo kwenye lengo. Kwenye mipango yetu majiko yapo, na masizi yakitajwa ni kama faida ya kando.

Sasa njoo kwenye kipande cha nne, ambacho ndicho kilichorudisha jiko letu kwenye korido.

Mwaka wa 2016 kalamu mbili ziliandika. Mwezi wa Mei, Sheria ya Mabadiliko ya Tabianchi ilitiwa saini, mojawapo ya za kwanza za aina yake Afrika. Kwenye bajeti ya Juni mwaka huo huo, Hazina iliondoa VAT kwenye gesi ya kupikia. Sheria ya kwanza ndiyo tuliyofundishwa darasani. Ya pili ndiyo iliyoshusha moshi.

Mwaka wa 2018 mambo yakaenda kasi. Februari serikali ilisimamisha ukataji miti katika misitu ya umma, na makaa yakapanda. Septemba, Sheria ya Fedha ikaweka ushuru wa shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta taa, lita ikapita shilingi 100. Sababu haikuwa mapafu ya mtu. Ni kwamba wafanyabiashara walikuwa wanachanganya mafuta taa na dizeli. Kwetu matokeo yalikuwa moja: stovu ikatupwa, mama akaingia chama, akanunua meko. Sensa ya 2019 ilikuta asilimia 23.9 ya nyumba za Kenya zinapikia gesi na asilimia 55.1 kuni. Wengine hawakuwa na chama. Kwao ushuru ule haukuwa ngazi ya kupanda kwenye gesi. Uliwarudisha kwenye makaa na kuni.

Halafu mwaka wa 2020, katikati ya korona, Bunge likapitisha kwamba gesi irudishiwe VAT. Utekelezaji ukasogezwa hadi Julai 2021, na ikaja kwa asilimia 16. Kelele zikawa nyingi. Julai 2022 ikashushwa hadi asilimia 8, na Sheria ya Fedha ya 2023 ikaiondoa. Kwa miaka saba: ikaondoka, ikarudi, ikakatwa nusu, ikaondoka tena. Katika muda huo wote ahadi yetu ya kimataifa ilisonga mbele tu, kutoka lengo la asilimia 30 hadi 32.

Hapo ndipo nilielewa. Sheria ya tabianchi inayofika Kayole husomwa Juni kila mwaka, na anayeisoma ni waziri wa fedha.

Rafiki yangu mmoja, tuliyesoma naye, hubishana nami hapa. Anasema Kenya inatoa sehemu ndogo sana ya gesi joto za dunia, kwa nini maskini wa Kayole abebe mzigo wa Ulaya na Marekani? Kuhusu kaboni dioksidi namkubalia. Lakini masizi hayaendi Ulaya. Yanabaki kwenye korido, kwenye dari ya shosho, kwenye kifua cha mama. Kuyapunguza ni kujilipa wenyewe. Swali lake la pili ni gumu zaidi: Hazina itatoa wapi pesa ikisamehe gesi? Sina jibu rahisi. Ninachosema ni kwamba uamuzi wa kutoza gesi uhesabiwe na gharama zake zote, pamoja na kitanda cha hospitali.

Na chombo cha kufanya hivyo kipo tayari. Sheria ile ya 2016 iliunda Baraza la Kitaifa la Mabadiliko ya Tabianchi, mwenyekiti wake Rais, na waziri wa fedha ana kiti humo. Kuingiza vichafuzi vya muda mfupi kwenye sera hakuhitaji wizara mpya ya moshi. Kunahitaji lengo la masizi lililoandikwa kwa namba, na kwamba kabla ya ushuru wa nishati yoyote ya kupikia kuguswa, mtu kwenye meza hiyo aseme ni nyumba ngapi zitarudi kwenye makaa.

Juni 2024 kizazi chetu kilijifundisha kusoma Mswada wa Fedha kifungu kwa kifungu. Ulikuwa na hata ushuru wa mazingira ndani yake, kabla haujaondolewa. Mimi sikuwahi kumaliza digrii, lakini huo nilimaliza, kurasa zote.

Meko imerudi mezani. Chapati za biashara bado zinapikwa kwa jiko, kwa sababu moto wa saa nne ungemaliza mtungi kwa siku chache, na kikohozi hakijaisha. Kila Juni nasoma mswada nikiwa nimeketi kwenye ndoo kando yake, namwelezea. Hunisikiliza kidogo, hugeuza chapati, kisha huuliza swali lile lile.

"Gesi wameigusa?"