Nani Ameshika Usukani? Miaka 150 ya Vimashua Visivyo na Nahodha

Mtoto wa pwani akimaliza kuchonga kidau chake, akakisimika mlingoti wa kijiti na tanga la kipande cha gunia, kazi yake huisha pale anapokiachia majini. Kuanzia hapo kidau ni cha upepo. Kama demani, kamba ya kuvutia tanga, ameikaza mno, kitalala ubavu. Kama usukani ameupinda vibaya, kitazunguka pale pale kama pia. Yeye amebakiwa na miguu tu ya kukikimbilia, maji yakimfika kifuani.

Tatizo la mtoto huyo, yaani chombo kinachosafiri bila nahodha ndani yake, limewashughulisha watu wazima wa Ulaya na Marekani kwa takriban miaka 150. Leo wanasimama ukingoni mwa bwawa wakiwa na rimoti mkononi, wanakaza tanga na kugeuza usukani wa kimashua kilicho mita 100 mbele yao. Lakini kabla ya rimoti kuja, mchezo huu ulikuwa umekwisha kukomaa, na ufundi uliozaliwa katika miaka hiyo ulifika hadi bahari kuu.

Fimbo mbili na bwawa moja

Katika bustani za Kensington, London, kuna bwawa liitwalo Round Pond, lililochimbwa karibu mwaka 1730. Mwaka 1876 wapenzi wa vimashua vya tanga waliokuwa wakikutana hapo waliunda chama chao, Model Yacht Sailing Association. Hawakuwa watoto. Vyombo vyao vilikuwa na urefu wa mita moja na zaidi, vimeundwa kwa mbao nyembamba, vikiwa na mkuku wa risasi na matanga yaliyoshonwa kwa vipimo.

Mashindano yalikwenda hivi. Vimashua viwili viliachiwa kwa pamoja upande mmoja wa bwawa. Kila kimoja kilikuwa na watu wawili, mwenyewe na msaidizi wake, ambao walitembea kandokando ya maji wakiwa na fimbo. Kimashua kikigusa ukingo, hugeuzwa kwa fimbo na kurudishwa majini. Katikati ya bwawa hakuna aliyeweza kukisaidia. Ushindi au kushindwa kuliamuliwa kabla ya kukiachia: umeusomaje upepo, tanga umelilegeza kiasi gani, na chombo chenyewe umekiunda kikasimama sawa kiasi gani.

Kwenda joshi hakukuwa taabu kubwa. Chombo kilichoundwa vizuri, matanga yake yakipangwa kwa mizani, hujishikilia chenyewe kikikabili upepo. Taabu ilikuwa kwenda na upepo wa tezi. Tanga kuu likifunguka nje, linakisukuma kimashua kwa upande mmoja, nacho kinageuza omo kuelekea upepo unakotoka. Mwanzoni mwa karne ya 20, Mwingereza George Braine alipata dawa: alifunga demani ya tanga kuu kwenye usukani. Upepo ukivuma kwa nguvu, tanga huvuta demani, demani huvuta usukani, na chombo hurudi kwenye njia yake. Mpira mwembamba uliurudisha usukani katikati upepo ulipotulia. Kwa maneno mengine, nguvu ile ile iliyokuwa ikikipotosha chombo, Braine aliifanya iwe nahodha wake.

Mwaka 1935, katika mashindano ya Gosport, kusini mwa Uingereza, Mnorwei Sam Berge alikuja na kitu kingine. Nyuma ya kimashua chake alisimamisha bawa jembamba lililozunguka kufuata upepo, nalo likaunganishwa na usukani. Baharia akishaamua chombo kiende kwa pembe gani na upepo, bawa linakishikilia kwenye pembe hiyo hadi ng'ambo. Miaka michache baadaye ilikuwa vigumu kushindana bila bawa.

Miaka 25 baada ya Gosport, wazo hilo hilo lilivuka Atlantiki. Mwaka 1960 yalifanyika mashindano ya kwanza ya mabaharia wa peke yao kutoka Plymouth hadi New York. Mshindi, Francis Chichester, alitumia siku 40, na kwenye tezi ya mashua yake Gipsy Moth III alikuwa na bawa la upepo alilolipa jina la kike, Miranda. Blondie Hasler, aliyemfuata, naye alikuwa na la kwake. Bila Miranda, Chichester asingepata usingizi. Mara nyingi tunadhani kitu kidogo huiga kikubwa. Hapa mashua ya bahari kuu ilifuata njia iliyokwisha kupitwa na vimashua vya bwawani.

Mwaka 1898

Redio yenyewe iliingia majini mapema kuliko wengi wanavyodhani. Mwaka 1898, huko New York, Nikola Tesla alionyesha kimashua cha chuma kilichotii ishara zilizotumwa hewani bila waya. Aliweza kukizungusha na kuwasha taa zake akiwa mbali. Hati ya ubunifu wake, namba 613,809, ilitolewa Novemba 8 mwaka huo. Kimashua hicho kiliendeshwa kwa betri, hakikuwa na tanga, na Tesla alikuwa akiifikiria zaidi vita kuliko michezo.

Mwaka huo huo, upande wa pili wa Marekani, kilianzishwa chama cha vimashua vya tanga cha San Francisco. Miaka sita baadaye chama hicho kilipata ziwa lake, Spreckels Lake, lililochimbwa ndani ya Golden Gate Park mahususi kwa mchezo huo. Mtu angetarajia kwamba uvumbuzi wa Tesla na ziwa hilo vingekutana upesi. Haikuwa hivyo. Kwa nusu karne wachezaji waliendelea na fimbo, demani na mabawa.

Sababu ilikuwa uzito. Redio za zamani zilitumia valvu za kioo na betri nzito. Kimashua chenye injini huweza kubeba mzigo huo, lakini kwenye chombo cha tanga kila gramu iliyowekwa juu ya maji inausaidia upepo kukipindua. Transista, iliyovumbuliwa mwaka 1947, ndiyo iliyofungua mlango. Kadiri redio zilivyopungua ukubwa, mota ndogo zilitosha kugeuza usukani taratibu kufuata kidole cha mchezaji, na winchi ndogo ikapata nafasi ya kukaza na kulegeza demani. Hata hivyo kila mchezaji alihitaji masafa yake. Wawili wakiwasha rimoti za masafa mamoja, chombo cha mmoja kilitii mkono wa mwingine. Balaa hiyo ilikwisha katika muongo wa kwanza wa karne hii, zilipoingia rimoti za gigahezi 2.4 zinazojitafutia njia zenyewe.

Mchezo wenyewe ukageuka. Badala ya vimashua viwili, viliweza kushindana 20 kwa pamoja, vikianza kwenye mstari mmoja, vikizunguka maboya na kupiga bisha, yaani kukabili upepo kwa mshazari, kwa kanuni zile zile za mashua kubwa. Ufundi wa kukiandaa chombo kabla ya kukiachia ulipungua thamani. Ukaja ufundi wa kuona upepo ukikunja uso wa maji mbali kabla haujafika.

Upepo haupunguzwi

Kuna jambo moja ambalo si fimbo wala redio iliyoliondoa. Fundi anaweza kuipunguza mashua hadi sehemu ya kumi ya urefu wake, lakini upepo hawezi kuupunguza. Mashua ikipunguzwa mara 10 kila upande, nguvu ya upepo kuilaza hupungua mara 1,000, ilhali nguvu ya uzito wake kuisimamisha hupungua mara 10,000. Ndiyo maana nakala kamili ya merikebu, ikichongwa kwa uaminifu wote na kuwekwa majini na matanga yake, hupinduka kwa upepo ambao merikebu yenyewe isingeutia maanani.

Dawa yake ni kuongeza farumi, uzito wa kukituliza chombo, na kuishusha chini zaidi. Katika daraja la mita moja, lililoanzishwa mwaka 1988 na leo likishindaniwa katika nchi nyingi, chombo kisipungue kilo 4, na zaidi ya nusu ya uzito huo iko kwenye mkuku na risasi yake. Wanaotengeneza nakala za merikebu za kale hufanya ujanja mwingine: hufunga kwa skrubu mkuku mrefu wa bandia unaozama usionekane, kisha huufungua chombo kikirudi kupambwa sebuleni. Kazi ngumu kwao ni foromali, boriti zinazobeba matanga. Merikebu ya milingoti mitatu huhitaji foromali za mlingoti wa mbele zizungushwe peke yake na za nyuma peke yake, la sivyo haipigi bisha, hukwama ikitazama upepo.

Vipi jahazi la pwani yetu? Kwa macho linaonekana jepesi: mlingoti mmoja, foromali moja, tanga moja. Lakini kila aliyesafiri nalo anajua kinachotokea likibadili upande. Foromali huinuliwa wima, tanga hupitishwa mbele ya mlingoti, joshini na demani hubadilishana ubavu, na kamba hufungwa upya, yote haya chombo kikiyumba. Rimoti ya usukani na demani haitoshi kwa kazi hiyo. Fundi atakayetaka kuliendesha jahazi lake dogo akiwa amesimama ufukweni itambidi kwanza aende bandarini, aketi, na ahesabu mikono ya mabaharia wakati wa kugeuza, maana kila mkono atakaouona utahitaji mota yake.