Udongo wa mfinyanzi (Dodoma)

Udongo wa mfinyanzi ni udongo laini unaonata ukilowa, unaofinyangika kwa urahisi na kuwa mgumu kama kigae ukichomwa. Dodoma, nchi ya Wagogo katika uwanda wa kati wa Tanzania, udongo huu hutokana zaidi na kumomonyoka kwa miamba ya graniti, na hukusanyika mabondeni na kando ya makorongo ya msimu.

Kuuchagua ndiyo kazi inayodai ujuzi mkubwa zaidi. Udongo mweusi wa mbuga hunata vizuri, lakini huvimba ukilowa na kunywea mno ukikauka, hivyo chungu hupata nyufa kabla ya kufika motoni. Wenye mchanga mwingi hubomoka mikononi. Jaribio rahisi ni kusokota kamba nyembamba ya udongo na kuizungusha kidoleni, ikikatika, haufai. Mfinyanzi, kwa desturi mwanamke, huchanganya mchanga au vigae vilivyotwangwa ili kupunguza kunywea na kukiwezesha chungu kustahimili moto wa mafiga.

Vyombo hufinyangwa kwa mkono bila gurudumu, hukaushwa polepole kivulini, kisha huchomwa uwanjani kwa kuni. Joto la uchomaji huo kwa kawaida halizidi nyuzi 900 za Selisiasi, hivyo mtungi hubaki na vinyweleo vinavyopitisha unyevu na kupoza maji.