Mwanahabari na Kituo cha Tunguu: Abdulrahman Babu na Siri ya Utafiti wa Dola, 1960–1964

Makala haya yanachunguza swali moja: katika mvutano kuhusu kituo cha Marekani kisiwani Unguja, kilichofichwa kilikuwa nini hasa?

Utafiti wa dola za kigeni haukuwa jambo jipya katika pwani ya kaskazini. Mwaka 1902 Wajerumani walianzisha Taasisi ya Amani katika milima ya Usambara, nyuma ya mji wa Tanga, ili kuchunguza mimea ya kuyafaa mashamba ya walowezi. Gazeti la Kiswahili lililochapishwa Tanga enzi hizo, Kiongozi, lilikuwa la serikali hiyohiyo. Halikuwa na nafasi ya kuihoji.

Zanzibar ya mwaka 1960 ilikuwa na magazeti mengi ya vyama. Mwezi Oktoba, miezi mitatu kabla ya uchaguzi wa Januari 1961, Uingereza na Marekani zilikubaliana kujenga kituo Tunguu cha kufuatilia vyombo vya anga vya mradi wa Mercury. Miongoni mwa waliokipinga alikuwa Abdulrahman Mohamed Babu, Katibu Mkuu wa Hizbu na mhariri wa ZANEWS. Wapinzani walidai kwamba sayansi ilikuwa pazia la zana za kivita. Mwaka 1962 Babu alifungwa kwa kosa la uchochezi. Mwaka huohuo, tarehe 20 Februari, John Glenn aliizunguka dunia.

Tuhuma ya makombora haikuwa sahihi: Tunguu palikuwa na antena na mitambo ya redio. Hata hivyo, haikuzuka hewani. Roketi ya Atlas iliyombeba Glenn ilibuniwa kwanza kuwa kombora la nyuklia. Aidha, mkataba ulifungwa na madola mawili ya nje. Siri basi haikuwa katika mitambo, bali katika namna uamuzi ulivyofikiwa.

Baada ya Mapinduzi ya Januari 1964, serikali ya Karume, Babu akiwa waziri wake wa mambo ya nje, ilitaka kituo kiondolewe, nacho kikafungwa mwaka huohuo. Lakini magazeti huru nayo yalitoweka, na kuanzia 1972 hadi 1978 Babu mwenyewe alikuwa kizuizini Tanzania Bara.

Kwa hiyo, thamani ya uandishi wake haipimwi kwa usahihi wa kila tuhuma. Inapimwa kwa haki ya kuuliza, haki ambayo kuondoka kwa Wamarekani pekee hakukuilinda.