Kiasi, Fataki na Shabaha: Historia ya Kutunza na Kushindilia Silaha za Moto, kutoka Pwani hadi Mto Mara

Katika Kiswahili cha siku hizi neno risasi limebebeshwa mzigo mkubwa. Hutajwa risasi, likakusudiwa lile madini laini lenye jina hilo. Au kipande kitokacho mtutuni. Au kitu kizima chenye ganda, fataki, baruti na kichwa chake. Au hata ganda tupu lililobaki baada ya mlio. Katika mazungumzo ya kila siku jambo hilo halidhuru. Walakini palipo na haja ya kusema sawasawa, kama mbele ya hakimu au katika karakana ya fundi, upungufu wake huonekana mara moja. Lugha haikuwa hivyo tangu zamani. Palikuwa na watu wengi waliotunza silaha zao kwa mikono yao na kupima baruti wenyewe, na watu hao walikuwa na jina kwa kila kitu walichokishika.

Majina yenyewe yaonyesha njia zilizopitiwa. Bunduki ni neno lililotoka Kiarabu, na huko asili yake ni jina la kokwa ndogo ya mti, lililohamia kwenye vidonge vilivyorushwa kwa upinde, kisha likahamia kwenye chombo cha moto. Risasi ni Kiarabu pia, na maana yake ya kwanza ni madini tu. Baruti ina ndugu zake katika Kiarabu, Kiajemi na Kituruki. Kwa bastola, asili ni ya Ulaya, lakini ile herufi b iliyokaa mahali pa p yafanya ifikiriwe kuwa neno lilipita kinywani mwa Waarabu kabla ya kufika pwani, kwa sababu Kiarabu hakina sauti ya p. Mzinga, kwa upande wake, ni neno la Kibantu lisilotoka ng'ambo: gogo lililochimbwa ndani ili nyuki wakae, na kwa mfano wa umbo hilo, bomba kubwa la vita. Hivyo silaha ilikuja na merikebu, lakini wenyeji waliipokea kwa maneno ya kigeni na ya kwao pamoja.

Aina za bunduki zilitofautishwa kwa jinsi zilivyopata moto. Ya kwanza ni bunduki ya mrao, iliyowashwa kwa utambi. Ikafuata ya gumegume, iliyotoa cheche kwa jiwe. Kisha ya fataki, ambayo nyundo yake hugonga kikofia kidogo cha shaba kilichovikwa juu ya kifa. Zote tatu zilijazwa kwa mdomo, na hizi za kujazwa kwa mdomo ndizo zilizokuja kuitwa magobore. Kazi ya kujaza iliitwa kushindilia. Mtu alimimina baruti katika kasiba, akatia kitambaa au nyuzi za kumbi, akashindilia kwa mdeki, akatia risasi au marisaa, akashindilia tena, ndipo akaweka fataki. Baruti ilichukuliwa katika pembe au kibuyu, na risasi katika beti ya ngozi. Viungo vitatu vya baruti navyo vilijulikana kwa majina yake: shura, kiberiti na makaa.

Neno kubwa kuliko yote katika kazi hii lilikuwa kiasi. Kamusi za zamani zaonyesha kwamba kiasi cha bunduki ni baruti iliyopimwa kwa mlio mmoja, na baadaye ni kile kifurushi au ganda lililobeba kipimo hicho. Jina hili halikutolewa bure. Baruti haba haimfikishi mnyama, na baruti ya kuzidi hupasua mtutu na kumwondolea mshindiliaji vidole au macho. Yamkini hakuna neno lingine katika lugha lililounganisha hesabu ya fundi na adabu ya mtu kwa ukaribu namna hii, maana kiasi ni kipimo, na kuwa na kiasi ni kujizuia.

Bandari ya Unguja ndiyo iliyokuwa mlango wa biashara hii. Katika mkataba uliofanywa mwaka 1833 baina ya Sayyid Said na Marekani, bunduki, baruti na risasi zilitajwa mbali na bidhaa nyingine, kwamba kisiwani Unguja zisiuzwe ila kwa serikali. Neno hilo moja latosha kuonyesha jinsi mtawala alivyojua nguvu ya bidhaa hiyo. Baada ya miaka 30 hivi biashara iliongezeka kwa sababu iliyotoka mbali. Majeshi ya Ulaya yaliacha bunduki za kujazwa kwa mdomo na kuchukua zile za kujazwa kwa nyuma: Waingereza walichukua Snider mwaka 1866 na Martini-Henry mwaka 1871, na Wadachi wakachukua Mauser mwaka huo huo wa 1871. Silaha zilizoachwa zilitafutiwa wanunuzi, na nyingi zilifika Afrika Mashariki, zikapanda bara pamoja na misafara ya pembe na watumwa. Maisha ya Tippu Tip, yaliyotolewa tena na jarida la Kamati ya Kiswahili ya Afrika Mashariki mwaka 1958 na 1959, yaonyesha wazi jinsi bunduki na baruti zilivyokuwa nguzo ya misafara hiyo.

Mapatano ya Brussels ya tarehe 2 Julai 1890 yaliweka mpaka mpya. Mataifa yaliyotia sahihi yalikataza silaha za moto, hasa zile zilizotengenezwa kwa ufundi mpya, pamoja na risasi zake, katika nchi zote za Afrika zilizo baina ya nyuzi 20 kaskazini na nyuzi 22 kusini. Yaliruhusu, kwa masharti, bunduki za gumegume zisizo na mifuo ndani ya mtutu, na baruti ya kawaida ya biashara. Matokeo yake ni makubwa kuliko yanavyoonekana katika karatasi. Askari wa serikali alipewa kiasi kilichofungwa kiwandani, naye hakuwa na haja ya kukipima. Raia aliachiwa gobore, akaendelea kupima mwenyewe. Kwa hiyo ufundi wa kushindilia ulidumu bara kwa sababu sheria iliufunga humo, wala si kwa sababu watu hawakutaka kitu kipya.

Tofauti hiyo ilifika mpaka nchi ya mto Mara, ambako leo ziko wilaya za Tarime na Serengeti, na Mbalibali miongoni mwa vijiji vyake. Huko wenyeji walikuwa wakitegemea mikuki, pinde na mishale, kwa kuwinda na kwa kulinda ng'ombe. Mwanzoni mwa karne ya 20 Wadachi walijenga boma la Ikoma, na bunduki ya serikali ikaonekana karibu. Chini ya Waingereza, vijana wengi wa Kikurya waliingia katika jeshi la King's African Rifles, wakajifunza kulenga shabaha na kutunza silaha kwa amri. Hifadhi ya Taifa ya Serengeti ilipoanzishwa mwaka 1951, gobore la mwindaji lilizidi kuwa jambo la mashtaka. Na baada ya vita vya Uganda vya mwaka 1978 na 1979, kama watafiti wa habari za Wakurya walivyoeleza, bunduki za kisasa zilifika vijijini, na wizi wa ng'ombe uliokuwa wa mishale ukawa wa risasi. Aliyepata bunduki hiyo hakupata ufundi wake pamoja nayo, kwani hakuna sehemu yake iliyomlazimu kupima.

Habari mashuhuri kuliko zote za kutengeneza upya risasi katika Afrika Mashariki ni ya Vita Vikuu vya Kwanza. Mwaka 1914 askari wengi wa Kidachi walikuwa bado na Mauser ya 1871, iliyotumia baruti nyeusi, na moshi wake ulimfichulia adui mahali walipo. Mwezi wa Aprili 1915 merikebu Rubens, iliyojifanya ni ya Kideni, ilifika ghuba ya Manza kaskazini ya Tanga ikiwa na bunduki mpya na risasi nyingi. Manowari ya Kiingereza Hyacinth iliifuata na kuipiga. Nahodha Carl Christiansen aliiacha izame katika maji haba huku ikiungua juu, na shehena ikaokolewa kwa kuzamiwa. Lakini bahari ilikuwa imekwisha kuingia katika makasha. Jenerali von Lettow-Vorbeck, katika kumbukumbu zake zilizotolewa mwaka 1920, aliandika jinsi risasi zile zilivyofunguliwa kwa mikono, baruti ikasafishwa, na fataki zilizoharibika zikabadilishwa, kabla ya kufungwa tena. Kazi hiyo ilichukua muda mrefu, na bila hiyo shehena ingalikuwa mzigo tu. Hapo jeshi la kisasa lililazimika kurudi kwenye ujuzi wa mwenye gobore: kuijua baruti, kuijua fataki, na kujua kiasi.

Kutunza silaha nako kulikuwa na elimu yake. Baruti nyeusi huacha masizi yanayovuta unyevu, na katika hewa ya pwani au ya ziwa kutu huanza usiku ule ule. Baruti isiyo na moshi, iliyovumbuliwa na Mfaransa Paul Vieille mwaka 1884, ilipunguza masizi, lakini haikuondoa hatari, kwa sababu fataki za wakati ule zilikuwa na klorati, ambayo ikiungua huacha chumvi. Mafuta hayayeyushi chumvi, maji huiyeyusha. Ndiyo maana jeshi la Kiingereza lilifundisha kumimina maji ya moto mtutuni kwanza, kukausha, ndipo kupaka mafuta. Aliyeanza na mafuta aliifungia chumvi ndani. Ni mwishoni mwa miaka ya 1920 ndipo fataki zisizoacha chumvi zilipoanza kuenea, na desturi ya maji ya moto ikaanza kusahauliwa.

Urithi wa kazi hizi mbili, kutunza na kupima, umebaki zaidi katika mchezo wa shabaha. Mashindano ya bastola yalikuwamo katika Michezo ya Olimpiki tangu ile ya Athens ya mwaka 1896, na Kenya iliposhiriki kwa mara ya kwanza, Melbourne mwaka 1956, walenga shabaha walikuwa miongoni mwa wachezaji wake. Katika nchi za Ulaya na Marekani walengaji wengi hujitengenezea risasi upya: hukusanya maganda, huyarudisha katika umbo lake, hutia fataki mpya, hupima baruti kwa mizani na kuweka kichwa. Sababu si bei tu. Mlengaji ataka kila mlio ufanane na uliotangulia, na hawezi kulaumu mkono wake iwapo kiasi kinabadilika. Kadhalika baruti ya kisasa haivumilii makosa: kipimo cha kibuyu kilichofaa kwa baruti nyeusi chaweza kuipasua bastola kikijazwa baruti isiyo na moshi.

Katika Tanzania kazi hiyo imo mkononi mwa sheria. Sheria ya mwaka 1991 ya silaha na risasi ilifuatwa na ile ya mwaka 2015, na Itifaki ya Nairobi ya tarehe 21 Aprili 2004 iliziunganisha nchi za Maziwa Makuu na Pembe ya Afrika katika kuzuia silaha ndogo. Mtu hatengenezi silaha wala risasi bila idhini. Ukali huo una maana kwa nchi iliyoona mifugo na watu wakipotea kwa bunduki zisizo na kibali.

Lakini sheria huhitaji maneno. Tangu mwaka 1991 hata 2015 sheria za Tanzania ziliandikwa kwa Kiingereza, na mahakama kuu zilitumia lugha hiyo. Mwaka 2021 Bunge lilibadilisha sheria, Kiswahili kikawa lugha ya sheria na ya mahakama. Shahidi wa Tarime au Mugumu akisema kwamba risasi mbili ziliokotwa, hakimu hana budi kujua zilikuwa nzima, au zilikuwa maganda, au vichwa vilivyotolewa mwilini. Ganda laonyesha mahali bunduki ilipolilia. Kichwa chaonyesha mahali kilipofikia. Risasi nzima yaonyesha kilichokuwa mkononi mwa mtu. Hayo ni mambo matatu, na hukumu ya mtu yaweza kutegemea tofauti yake.

Haifai basi kudhani kwamba Kiswahili kina upungufu wa maneno hapa, wala kwamba lazima yaundwe mapya yote. Ganda lipo, fataki ipo, kasiba, kitako na mtambo vipo, na kiasi kipo bado, japokuwa maana yake ya bunduki imelala. Waliotunga maneno hayo walikuwa wapagazi, wawindaji, mafundi na askari, na waliyatunga kwa sababu kosa la neno lilikuwa kosa la mkono. Watunga kamusi wa leo wamerithi ghala iliyojaa. Kazi iliyobaki ni kuifungua na kuweka kila jina mahali pake, kabla mashahidi na mahakimu hawajazoea kusema risasi kwa kila kitu.