Nani anashika sailensa? Safari ya pikipiki kutoka bisibisi hadi kompyuta

Pikipiki ikisimama kwenye taa na dereva akaachia mafuta, injini haizimiki. Inaunguruma taratibu, tuseme mizunguko 1,200 kwa dakika, ikisubiri amri. Mafundi wetu wengi huuita mlio huo sailensa. Ukiuliza watu ni wapi injini inapata taabu, watakutajia mlima, mzigo au mwendo kasi. Lakini kwa mtu anayepima petroli na hewa, kazi ngumu iko hapa hapa, pale injini inapoonekana haifanyi kitu. Ukiielewa sailensa, utaelewa pia kwa nini kompyuta ya pikipiki wakati mwingine inaongeza nguvu, na wakati mwingine inaipunguza makusudi.

Skrubu mbili na sikio la fundi

Tuanze na kabureta. Hewa ikipita kwenye koo jembamba inakimbia, na inapokimbia shinikizo lake linashuka. Petroli iliyo kwenye bakuli chini inanyonywa na kupanda. Hakuna betri, hakuna hesabu, ni fizikia tupu. Ukivuta mafuta, mkondo wa hewa unakuwa na nguvu na petroli inafuata.

Sasa achia mafuta. Njia ya hewa inabaki na ufa mdogo tu, na mkondo unakuwa dhaifu mno kunyonya petroli kupitia njia kuu. Ndiyo maana kabureta ina kijia chake cha pembeni kwa ajili ya sailensa, pamoja na skrubu mbili. Moja inazuia njia ya hewa isifunge kabisa, nyingine inarekebisha mchanganyiko. Fundi anazungusha kidogo, anasikiliza, anarudisha nyuma kidogo, anasikiliza tena.

Ni ufundi mzuri, ila skrubu haijui chochote kuhusu dunia ilimo. Asubuhi ya baridi petroli haigeuki mvuke vizuri, kwa hiyo lazima uvute choki. Chukua pikipiki iliyorekebishwa vizuri Mombasa, usawa wa bahari, uipeleke Nairobi, takriban mita 1,700 juu. Hewa huko ni nyembamba kwa karibu moja ya tano, lakini kabureta haipunguzi petroli kwa kiasi hicho. Mchanganyiko unakuwa mzito, plagi inaanza kuwa nyeusi, sailensa inayumba. Skrubu imebaki pale pale ilipoachwa. Kilichobadilika ni hewa.

Sheria ya moshi

Kwa miaka mingi hakuna aliyejali sana. Kilichobadilisha mambo hakikuwa mbio, kilikuwa moshi. Kuanzia pikipiki za mwaka 1978, Marekani iliweka viwango vya hewa chafu kwa pikipiki mpya. Watengenezaji wakapunguza petroli, hasa kwenye sailensa, kisha wakaziba skrubu ya mchanganyiko kwa kifuniko ili mtu asiichezee. Matokeo yake ni pikipiki nyingi za miaka hiyo kusumbua zikiwa baridi: zinawaka kwa shida, na ukivuta mafuta mapema zinakohoa.

Jibu lilikuwepo tayari kwenye magari. Mwaka 1958 magari machache ya Chrysler yaliuzwa na mfumo wa Bendix uliopuliza petroli kwa amri ya umeme. Ulisumbua mno, ukaachwa. Bosch ya Ujerumani iliufanya wazo hilo lifanye kazi, na mwaka 1967 mfumo wake wa D-Jetronic ukaingia kwenye Volkswagen 1600. Mwaka 1980 Kawasaki ilitoa toleo la Z1000 lisilo na kabureta, likitumia teknolojia iliyotokana na kazi ya Bosch. Mwaka 1982 Honda ikaja na CX500 Turbo, na 1983 BMW ikatoa K100.

Hiyo Honda inafundisha kitu. CX500 ya kawaida ilikuwa na nguvu za farasi takriban 50. Toleo la turbo, injini ikiwa na ukubwa uleule wa karibu cc 500, lilifika 82. Je, ni kompyuta iliyoleta farasi hao wote? Hapana. Ni turbo iliyosukuma hewa zaidi ndani. Kazi ya kompyuta ilikuwa kujua, kila wakati, hewa iliyoingia ni kiasi gani na petroli ya kuilinganisha ni kiasi gani. Shika hilo, tutalirudia.

Mara kumi kwa sekunde

Kompyuta ya injini, ile mafundi wanayoiita kontrol boksi, inafanyaje? Kwa injini ya mipigo minne, silinda moja inavuta hewa mara moja kila mizunguko miwili. Kwa mizunguko 1,200 kwa dakika, hiyo ni mara 10 kwa sekunde. Kila mara, kompyuta inasoma sensa zake: kasi ya injini, joto la injini, joto la hewa, shinikizo la hewa, na umevuta mafuta kiasi gani. Kisha inaifungua nozeli kwa elfu chache za sekunde. Ikiifungua muda mrefu kidogo, petroli inaongezeka.

Hapa ugumu wa sailensa unarudi. Njia ya hewa ikiwa karibu imefungwa, kuifungua kwa nyuzi moja tu kunabadilisha hewa sana. Ikiwa wazi kabisa, nyuzi hiyo moja haina maana yoyote. Ndiyo maana mifumo mingi huamini sensa ya shinikizo pale mafuta yanapokuwa yamevutwa kidogo, na huamini zaidi pembe ya njia ya hewa pale yanapovutwa sana.

Na kuishika sailensa yenyewe isiyumbe, kompyuta ina mikono miwili. Mkono wa kwanza ni hewa: kivali kidogo kinapitisha hewa pembeni, kikifunguka zaidi injini ikiwa baridi. Huo ni wa polepole. Mkono wa pili ni cheche: ikiwashwa mapema kidogo injini inapata nguvu, ikicheleweshwa inapoa. Huo unafanya kazi ndani ya mzunguko mmoja au miwili. Kwa hiyo taa ikiwaka na injini ikatetereka, kompyuta inairudisha kabla sikio lako halijasikia.

Nguvu ya kupewa

Mwaka 2006 Yamaha YZF-R6 ilipiga hatua nyingine. Mkono wa dereva ukawa unatoa ombi tu. Mota ndogo ya umeme ndiyo iliyofungua njia ya hewa, kwa idhini ya kompyuta. Mwaka uliofuata Suzuki GSX-R1000 ikaja na kitufe cha kuchagua hali tatu za nguvu. Injini ileile, petroli ileile, lakini pikipiki tatu tofauti.

Hata kabla ya hapo programu ilikuwa imeanza kufunga breki. Suzuki Hayabusa ya 1999 ilivuka kilomita 300 kwa saa. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, pikipiki za aina hiyo zikaanza kutoka kiwandani zikiwa na kikomo cha karibu 300. Uwezo ulikuwepo, ila boksi lilikataa.

Sasa turudi kwetu. Bodaboda nyingi tunazopanda hutoka India na China, na nyingi bado zina kabureta. Lakini India yenyewe iliweka kiwango kikali cha moshi, Bharat Stage VI, tarehe 1 Aprili 2020, na tangu hapo pikipiki ndogo zinazouzwa humo zimehamia kwa wingi kwenye nozeli na sensa. Upepo huo utatufikia. Fundi aliyezoea bisibisi atahitaji pia mita ya umeme na kifaa cha kusoma kompyuta, na sailensa ikiyumba atatafuta sensa chafu au hewa inayovuja badala ya skrubu.

Na wewe utakutana na wauzaji wa "chipu ya kuongeza nguvu". Nyingine ni kipande cha resista tu, kinachoidanganya kompyuta kwamba hewa ni baridi kuliko ilivyo, nayo inaongeza petroli. Kumbuka ile Honda: farasi waliletwa na hewa. Petroli bila hewa ya kuiunguza haileti nguvu, inaleta moshi na bili. Hata Nairobi, kompyuta itakupa mchanganyiko sahihi na sailensa tulivu, lakini haiwezi kukurudishia oksijeni uliyoiacha Mombasa. Kwa hiyo mtu akikuuzia nguvu, muulize swali moja: hewa ya ziada inatoka wapi?