Nani alichora wa kwanza? Somo la Lyon na New York

Bandugu, leo niwaletee historia kidogo, juu ya ugomvi tunaoujua wote. Kijana anachora logo ao afishi, kesho yake anaikuta kwenye telefone ya mwingine, rangi tu ndiyo imebadilika. Anapiga kelele: “Umenikopia!” Mwingine anajibu: “Wewe njo ulinikopia!” Kila mtu anashika upande wa rafiki yake. Mwisho mmoja anafukuzwa katika kundi, na wateja wanamkimbia.

Mimi nilisoma agronomia, si uchoraji. Lakini kwetu shambani mpaka unawekwa mbele ya kupanda; mtu hangojei siku ya mavuno. Nilipotafuta kujua watu wa zamani walifanya je, nilikuta miji miwili.

Wa kwanza ni Lyon, Ufaransa. Pale walifuma hariri, na mchoro mzuri wa kitambaa ulikuwa mali. Mwenye kukopia aliweza kuuza bei ya chini, kwa sababu hakumlipa mchoraji. Sheria ya tarehe 18 Machi 1806 ikaunda baraza la prud'hommes, watu 9: wafanyabiashara wa hariri 5 na wakubwa wa atelie 4. Wote walikuwa watu wa kazi yenyewe.

Njia yao ilikuwa nyepesi. Mwenye mchoro anakunja kipande cha kitambaa, anakitia katika bahasha yenye muhuri na sahihi yake, anaiacha barazani. Anachagua ulinzi wa mwaka 1, miaka 3, miaka 5 ao milele. Malipo hayakupita franki 1 kwa kila mwaka. Milele ilikuwa franki 10. Ugomvi ukitokea, baraza linafungua bahasha na kuandika cheti: fulani njo alitangulia. Kesi yenyewe inaenda kwenye tribinali ya biashara.

Mji wa pili ni New York. Sheria ya Marekani haikulinda mtindo wa nguo. Basi mwaka 1932 watengenezaji wa nguo za akina mama wakaunda Fashion Originators' Guild of America. Wakatuma watu wao kupeleleza maduka. Duka lililokataa kushirikiana nao liliandikwa kwenye kadi nyekundu, na hakuna mwanachama aliyeruhusiwa kuliuzia. Walikuwa na tribinali yao, na rufaa yao, na faini kwa mwanachama aliyekosa. Maduka karibu 12.000 yalitia sahihi, lakini zaidi ya nusu yalifanya hivyo kwa kuogopa kunyimwa mali. Tarehe 3 Machi 1941 Mahakama Kuu ya Marekani, majaji wote kwa sauti moja, ikakataa mpango huo. Hata kama kukopia ni kubaya, washindani hawana ruhusa ya kukutana, kumfungia mtu soko na kujifanya serikali.

Tofauti iko wapi? Lyon walitunza ushahidi mbele ya ugomvi, na adhabu wakaiacha kwa wengine. New York mshitaki, polisi na jaji walikuwa mtu mmoja. Kusema kweli, makundi yetu mengi yanafuata New York bila kujua.

Najua mtu atasema: tarehe haitoshi. Ni kweli. Wachoraji wawili wa Bukavu wanaweza kuchora ziwa na jani la kahawa, kila mmoja kwake, bila kuonana. Tarehe inaonyesha nani alitangulia tu, haionyeshi nani aliiba. Lakini bila tarehe hata hilo la kwanza hatulijui, tunabaki na kelele.

Kwetu Kongo, sheria namba 82-001 ya tarehe 7 Januari 1982 inatambua michoro ya kiwanda. Ila mwenye kuchora afishi ya harusi hatatafuta karatasi ya serikali kwa kila afishi. Kundi linaweza kufanya kidogo: kila mtu atume mchoro wake, na hatua zake za kwanza, kwa mtunzaji mmoja, mbele ya kuuonyesha mteja. Ugomvi ukija, watu watatu wa kazi, wasio marafiki wa upande wowote, wafungue na waseme tarehe. Wakiisha kusema, waishie hapo. Mkate wa mtu usikatwe na kura ya kundi.