Ishara na Alama za Mtoni

Mwanafunzi wa ikolojia ya mito hukutana mapema na neno kiashiria. Kiumbe kiashiria ni mdudu, konokono au mnyoo ambaye kuwapo au kutokuwapo kwake kunaeleza hali ya maji. Wako wasiostahimili uchafu hata kidogo: oksijeni ikipungua, wanatoweka. Wako pia wanaoneemeka kwenye tope lenye uvundo. Ukiwajua kwa makundi, umeujua mto bila maabara.

Kiashiria limetoka kwenye kuashiria, na ndugu yake wa damu ni ishara. Nchini Kenya, Lugha ya Ishara imetajwa katika Katiba ya 2010. Tanzania tunasema Lugha ya Alama. Na alama nazo ziko mtoni. Afrika Kusini kulibuniwa kipimo kiitwacho miniSASS, kinachomwezesha hata mtoto wa shule kupima afya ya mto kwa wavu na beseni. Viumbe vimepangwa katika makundi 13, kila kundi na alama zake: minyoo 2, konokono 4, kaa 6. Alama hujumlishwa, zikagawanywa kwa idadi ya makundi yaliyopatikana, na wastani wake ndio hukumu ya maji. Tanzania tuna kipimo cha ukoo huohuo, TARISS, ambacho ni cha wataalamu zaidi.

Ndiyo maana naumia ninaposikia kwamba mtoto kiziwi ameachwa darasani siku wenzake walipokwenda mtoni, ati hakupatikana wa kumtafsiria. Somo lenyewe ni la kusoma ishara na kuhesabu alama. Nani ameishi na kazi hiyo kumzidi yeye?

Hapo ndipo penye uzito wa istilahi elimu jumuishi. Jumuishi ni sifa ya elimu, ya shule, ya mwalimu na mpango wake wa siku. Nimesikia watu wakisema "mtoto jumuishi", wakimaanisha mwenye ulemavu, na hapo neno limegeuzwa kuwa jina jipya la kumtenga yuleyule. Kitendo cha kujumuisha kina mtendaji, naye si mtoto.

Sasa twende Ngerengere, mto unaojaza Bwawa la Mindu, unaopita Morogoro na kwenda kuungana na Ruvu, ambao maji yake hunywewa Dar es Salaam. Kitabu cha mazoezi kikisema "tazama rangi ya maji", kimeshamwondoa asiyeona. Kikisema "chunguza maji", kimemwachia nafasi, kwa kuwa kuchunguza hakukufungwa kwenye jicho. Na Kiswahili kimemwandalia zana tele. Chemchemi hububujika, maji machache huchuruzika, mkondo hutiririka, maporomoko hunguruma. Hayo si mapambo ya mtunzi, ni viwango vya mwendo wa maji, na sikio lililozoea huvipanga kwa mfuatano. Chini ya vidole kuna changarawe, mchanga, tope, udongo wa mfinyanzi. Ukingo wenye maji ni chepechepe. Unaodidimiza mguu ni tepetepe. Jiwe lenye utelezi huenda limefunikwa na miani iliyoneneshwa na mbolea iliyosombwa kutoka mashambani. Pua nayo hutofautisha shombo la samaki na uvundo wa maji taka. Mwanafunzi akiyaandika hayo kwa nukta nundu, pamoja na saa na mahali, ameandika data kamili.

Maji yakitulia kwenye chupa, kinachobaki chini ni mashapo, neno lililozoeleka hata kwa wanywaji wa kahawa. Kimo cha mashapo nacho hupimika. Anayetumia kitimwendo naye asiambiwe asubiri garini: beseni la viumbe linaweza kupandishwa hadi kwenye daraja, na kazi ya kutambua makundi ikafanyikia huko.

Kuna istilahi moja ya mamlaka za maji ninayoipenda: kidakio, yaani ardhi yote inayodaka mvua na kuipeleka katika mto mmoja. Ukiwaambia watoto wakunje viganja pamoja, kisha ukawamwagia maji kidogo, wote watakuwa wamekielewa kidakio kwa pamoja, mwenye kuona na asiyeona. Tawimto, kwa upande wake, linanisumbua. Tawi hutoka kwenye shina, ilhali Ngerengere unaingia Ruvu. Mwalimu atapaswa kuutaja mwelekeo huo waziwazi, hasa kwa anayeujua mti kwa kuupapasa.

Uhifadhi ni neno zuri lililochoshwa na matumizi. Vijijini mara nyingi hulisikia likiwa na sauti ya katazo na mpaka, na kweli Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inaweka mita 60 za kukinga kingo za mto. Lakini mtoto wa madrasa huhifadhi Kurani, na maana yake ni kuitia moyoni. Mto unaofundishwa vizuri huhifadhiwa kwa maana hiyo kwanza.

Limebaki pengo moja. Kundi lenye alama nyingi kuliko yote katika miniSASS, alama 17, ni wadudu ambao wakiwa wachanga huishi chini ya mawe kwenye maji safi ya kasi, na wana mikia miwili. Sijakutana na jina lao la Kiswahili lililozoeleka. Tungeweza kutafsiri jina la kigeni, tukapata nzi na jiwe, bila sura ya mdudu. Napendekeza wanafunzi viziwi wa Morogoro wapewe beseni na kioo cha kukuzia, wawape wadudu hao jina kwa mikono yao. Wenzao wasioona wapapase kielelezo cha udongo na kusema wamegusa nini. Baada ya hapo Baraza la Kiswahili la Taifa, BAKITA, waitwe, waandike neno.